Chokaa ya oksaidi kwa chumba kidogo cha kulala Lamu: ukuta gani unaikubali, ukuta gani unaikataa

Kinachopimwa hapa ni vitu viwili vinavyouzwa mbalimbali na kutumika pamoja: chokaa ya mfuko wa kilo 25, na oksaidi ya unga, ile ile mafundi wanayoitia kwenye sakafu nyekundu. Ukivitia maji unapata rangi ya ukutani ya bei nafuu kuliko kopo lolote la hadweya. Tumeilinganisha na rangi ya maji ya mati, isiyong'aa, na ile ya silki, inayong'aa kidogo, kwa kazi moja tu: chumba kidogo cha kulala.

Jibu lenyewe ndilo hili. Kwa chumba cha nyumba ya mawe ya zamani, mtaa wa Mkomani katika mji wa kale wa Lamu au kokote kule ambako kuta ni za matumbawe na udongo wa chokaa, chokaa ya oksaidi inashinda. Kwa chumba cha tofali na plasta ya saruji, kiwe Lamu au Malindi, na hasa kama kimeshapakwa rangi ya maji, usiiguse. Nunua mati, na ukishaona kwa nini, ruka mpaka chini tunapoizungumzia.

Tofauti haiko kwenye uzuri wa rangi, iko kwenye pumzi ya ukuta. Ukuta wa matumbawe unakunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa upande wa chumbani, na pamoja na maji hupanda chumvi. Chokaa haiufungi. Maji hupita, chumvi hutoka nje kama vumbi jeupe, unapangusa, mambo yanaendelea. Rangi ya maji ya kopo ni utando wa plastiki. Silki ni utando mzito zaidi. Maji yakifika nyuma yake hayana pa kutokea, chumvi inaganda hapo na kukua, na utando unainuka. Angalia chumba chochote cha mawe kilichopigwa silki miaka miwili iliyopita, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno: utakuta malengelenge. Bonyeza moja kwa kidole. Litapasuka kama ganda la yai, na ndani yake kuna unga mweupe ulioloa na plasta iliyolainika kama mkate uliotiwa chaini. Mwenye nyumba huilaumu rangi, akabadilisha kampuni, akapaka tena juu yake. Mwaka unaofuata ni yale yale, na safari hii plasta nayo inaanguka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, upime ukuta. Mwagia maji kwa gao la mkono sehemu tatu: karibu na sakafu, katikati, na nyuma ya mahali kitanda kitakapokaa. Maji yakinywewa mara moja na ukuta ukakoza rangi, chokaa itashika. Yakitiririka au yakasimama kama matone, pana rangi ya kopo hapo, hata kama ukuta unaonekana mweupe kama chokaa. Chokaa juu ya rangi ya maji hushika wiki chache kisha huanguka kwa magamba, na juu ya rangi ya mafuta haingojei hata hizo wiki. Ama uikwangue yote mpaka plasta ionekane, ama uachane na chokaa. Kukwangua rangi kuukuu ya mafuta kufanywe na maji, msasa ukiwa umeloa, kwa kuwa rangi za zamani huenda zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Sasa rangi yenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea hata wakipata kifaa sawa.

Chumba cha Lamu ni chembamba kwa sababu ya boriti. Miti ya mikoko ndiyo iliyoamua upana: takriban mita 2.5 hadi 3, basi. Urefu unaweza kwenda utakavyo, na dari liko juu. Halafu mwanga unaingia upande mmoja tu, kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyopungua. Mtu anaambiwa chumba kidogo kipakwe cheupe ili kionekane kikubwa. Nyeupe hufanya kazi pale penye mwanga wa kuirudisha. Mwanga ukiwa haba, nyeupe hugeuka kijivu cha maji ya kuoshea vyombo, na pembe za chumba huonekana chafu hata zikiwa zimepakwa jana. Chumba chenye dirisha kubwa linalotazama bahari Shela, sawa, kipake cheupe. Cha ndani kabisa, kipe krimu iliyokolea au manjano ya udongo, rangi zenye joto, ambazo zikipata mwanga kidogo hubaki rangi badala ya kufa.

Wembamba nao una dawa yake. Chumba cha mita 2.5 kwa mita 4 kikipakwa rangi moja kuta zote huonekana kama ukumbi wa kupitia. Kuta mbili ndefu zipe rangi nyepesi, ule ukuta mfupi wa mwisho upe rangi hiyo hiyo iliyokolea mara mbili au tatu. Jicho huuona umesogea karibu, na chumba kinapata umbo la chumba. Usifanye kinyume. Ukuta mrefu ukikoza unakuja usoni, na mtu aliyelala kitandani anahisi amebanwa. Mstari mkali kati ya ukuta na dari nao hukata chumba: kama dari ni la plasta, lipe rangi ya ukuta iliyopunguzwa nusu. Kama ni la boriti, ziache boriti zilivyo na upake nafasi za katikati tu kwa rangi nyepesi. Kuzipaka boriti nyeupe ni kazi ya shingo kuuma, na baada ya msimu mmoja mipasuko ya mti inarudi kuonekana.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndizo mahali pa kucheza. Rangi nzito ikiwekwa ndani ya kidaka peke yake, ukuta wenyewe ukabaki mwepesi, kidaka huonekana kina kina zaidi, na chumba hakipungui hata inchi. Kama zidaka ni safu, usivipake vyote. Vitatu vya katikati vinatosha. Mwenye kuvipaka vyote kila kimoja rangi yake anapata duka la peremende.

Oksaidi zinazoaminika kwenye chokaa ni nyekundu, manjano, nyeusi, kahawia, na kijani ile nzito iliyofifia. Chokaa ni kali, na rangi nyingi za mimea huteketea humo. Rangi ya kutia ukili wa mikeka haishiki. Bizari ya manjano ndiyo kichekesho: ukiitia kwenye chokaa inageuka nyekundu hapo hapo ndooni, kisha ukutani inafifia mpaka hujui ilikuwa nini. (Aliyewahi kupaka chokaa kwenye jani la tambuu hashangai sana, chokaa hiyo hiyo ndiyo inayobadilisha rangi mdomoni.) Kwa samawati, buluu ya unga ya kufulia nguo nyeupe inastahimili. Ile ya maji ya chupa haifai. Na hata kama hutaki chumba cha samawati, chembe ya buluu, kijiko cha chai kwa ndoo, huiondolea chokaa umanjano na kuifanya nyeupe ya kweli.

Vipimo ni hivi. Chukua chumba cha mita 2.5 kwa 4, kuta za mita 3 kwenda juu. Ukitoa mlango unabaki na mita za mraba kama 37. Chokaa inataka mikono minne myembamba, yaani matabaka manne, na lita moja hufunika mita za mraba 5 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 30. Hizo zinatoka kwenye nusu mfuko, kilo 12.5, na maji lita 25. Nusu nyingine ya mfuko, ukiilaza ndani ya maji kama tunavyoeleza mwishoni, itakungoja mwakani. Kwa kulinganisha, mati ya kopo kwenye chumba hicho hicho, mikono miwili, itakula lita 7 na zaidi, yaani makopo mawili ya lita 4.

Chokaa usiichanganye asubuhi ukaipaka asubuhi. Itie kilo 12.5 ndani ya maji lita 13, chokaa juu ya maji na si maji juu ya chokaa, ikoroge iwe uji mzito, ifunike, ilale angalau usiku mmoja. Wiki moja ni bora zaidi. Inalainika na inashika vizuri. Siku ya kazi ongeza maji lita 12 yaliyobaki taratibu. Inayotakiwa ni nzito kama maziwa, si kama mtindi. Chovya mti na uutoe: itiririke, na mti uonekane kupitia utando. Wengi hawaamini wembamba huu, wanaifanya nzito ili wamalize kwa mikono miwili, na hapo ndipo magamba yanapozaliwa.

Maji yawe matamu. Maji ya mfereji yanayotoka visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela yanafaa, yasipokuwa na ladha ya chumvi. Kisima cha uani chenye ladha ya chumvi hakifai, kwa sababu utakuwa unaipaka ukutani chumvi ile ile unayoikimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri wa kutia chumvi ya mawe kwenye chokaa ili igande, uache bara. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Lamu haina upungufu wa unyevu. Ukuta utatoka jasho kila usiku wa masika.

Oksaidi nayo ilowekwe peke yake, kwenye maji ya vuguvugu, usiku kucha, kisha ichujwe kwa soksi ya nailoni au leso kuukuu. Ukiitupa ikiwa unga mkavu moja kwa moja ndooni, vidonge vyake vidogo havionekani mpaka brashi ivivunje ukutani, na kila kidonge huacha mkwaruzo mwekundu wa futi moja usiofutika. Kiasi: kwa kilo 12.5 za chokaa, gramu 600 za oksaidi ni wastani mzuri. Kilo moja na robo ndiyo mpaka wa mwisho, sehemu moja kwa kumi ya chokaa. Ukivuka hapo chokaa haiwezi tena kuifunga rangi, na kila atakayeegemea ukuta ataondoka nayo kwenye kanzu. Kwa manjano ya udongo inayofaa chumba chenye mwanga mdogo, anza na gramu 500 za manjano na 50 za nyekundu. Nyekundu ina nguvu. Iongeze kwa kijiko, usiimimine.

Ndooni utaona rangi nzito ya kutisha. Usihukumu. Chokaa iliyoloa ni nusu wazi kama maji ya wali, na ikikauka hupauka sana. Paka kwenye kipande cha plasta kilichoanguka, au pembeni nyuma ya mlango, mikono miwili, na ungoje siku mbili. Kisha kipande hicho ukiangalie mara tatu: asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwa imewashwa. Taa ndiyo inayosahauliwa. Balbu nyingi zinazouzwa ni za mwanga mweupe wa baridi, zimeandikwa 6500K kwenye boksi, na chini yake manjano ya udongo huonekana kama ukijani wa mgonjwa. Kabla ya kulaumu oksaidi badilisha balbu, tafuta ya 2700K au 3000K. Halafu kuna chandarua. Chandarua cheupe kikishushwa huwa ndicho rangi kubwa kuliko zote chumbani, kwa hiyo ukuta wa kichwani unaweza kukozwa bila wasiwasi, maana utauona kupitia ukungu wa kitambaa. Chandarua cha buluu juu ya ukuta wa manjano, hapana.

Siku ya kupaka, loanisha ukuta kwa brashi au bomba la kunyunyizia mpaka uwe na unyevu bila kutiririka. Ukuta mkavu hunywa maji ya chokaa kabla haijagandana, na kinachobaki ni unga. Tumia brashi pana ya chokaa, si rola. Rola hutandika tabaka nene na kurusha matone machoni. Piga mikwaruzo ya kukatiza, kulia na kushoto, juu na chini, na umalize ukuta mzima bila kupumzika. Ukisimama katikati kunywa kahawa, mahali uliposimama pataonekana milele kama ramani ya mto. Koroga ndoo kila baada ya dakika chache, kwa sababu oksaidi hushuka chini, na asiyekoroga huanza na ukuta mwepesi akamaliza na ukuta mwekundu. Rangi yote ya chumba ichanganywe kwa mara moja. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza hata ukipima kwa mizani ya sonara.

Kati ya mkono na mkono pita siku moja kamili. Chokaa haikauki tu kama rangi, inavuta hewa ya kaboni na kugeuka kuwa jiwe tena, na kazi hiyo inataka unyevu na muda. Upepo mkali wa kaskazi na jua linalopiga ukutani huiharibu, kwa hiyo paka mapema asubuhi au baada ya alasiri, funga dirisha, na kesho yake uinyunyizie maji kidogo. Miezi inayofaa zaidi ni baada ya masika, Julai hadi Septemba. Mkono wa mwisho, kwa anayetaka ushike zaidi, unaweza kutiwa maziwa yaliyoondolewa mafuta, lita moja kwa kila lita kumi. Chumba kisicho na dirisha usikitie, kitaota ukungu. Gundi nyeupe ya mbao, ambayo mafundi wengine huipenda, inaugeuza mchanganyiko kuwa plastiki, na umerudi kwenye malengelenge.

Macho. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Vaa miwani, haswa unapopaka dari, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikiingia, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 na zaidi bila kusugua, kisha hospitali. Mikono ipakwe mafuta ya nazi na ivalishwe glavu.

Unaponunua, kagua mfuko. Mfuko uliofika kwa jahazi, ukapakiwa punda, ukakaa stoo iliyo wazi kwa mwaka, unaweza kuwa umeshakufa: chokaa imevuta hewa na kurudi kuwa jiwe ndani ya mfuko. Ufinye kwenye pembe, ukisikia mabonge magumu uache. Dukani omba chembe na uikamulie ndimu. Mapovu machache ni kawaida. Ikichemka kama soda iliyotikiswa, hiyo si chokaa tena, ni vumbi la mawe.

Udhaifu wake? Haioshwi kwa sabuni. Mafuta ya nywele yakigusa ukuta wa kichwani huacha duara la kahawia lisilotoka, kwa hiyo tundika mkeka au kitambaa nyuma ya kitanda, au weka ubao. Hata ikipakwa sawasawa itatoa vumbi kidogo mwezi wa kwanza. Na rangi haiwi sare: ina mawingu mawingu, hapa nzito, pale nyepesi. Kwetu huo ndio uzuri wake, kwa kuwa ukuta wa mawe una mabonde, na mawingu hayo huyaficha. Anayetaka ukuta laini kama bakuli la plastiki hataridhika.

Sasa chumba cha saruji. Plasta mpya ingoje siku 28 kabla ya rangi yoyote, la sivyo ukali wa saruji na maji yake vitaisukuma rangi itoke. Mkono wa kwanza wa mati uongezwe maji kidogo ili uingie ndani ya plasta. Chagua mati kwa kuta, na silki iweke tu pale panaposhikwa: kuzunguka swichi, na ukanda wa mita moja nyuma ya kitanda. Silki chumba kizima, taa ikiwa ukutani pembeni, huonyesha kila mpapaso wa fundi wa plasta, na chumba kidogo kinachong'aa pande nne kinachosha macho. Yale ya ukuta mfupi uliokozwa, dari lililopunguzwa nusu na balbu ya 3000K yanatumika huku vile vile. Kadi ya rangi usiiamini: kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikienea kuta nne huonekana kimekoza zaidi, kwa hiyo chagua uipendayo kisha shuka ngazi mbili kwenye kadi hiyo hiyo. Nunua kwanza kopo la lita moja, paka mraba wa mita moja, uishi nao siku mbili.

Chokaa iliyobaki, iwe bado haijatiwa rangi, iweke kwenye ndoo yenye kifuniko na maji yaifunike juu kwa vidole vitatu. Haitaharibika, na mwakani itakuwa laini kuliko sasa. Iliyotiwa rangi jaza chupa moja tu kwa ajili ya mikwaruzo, na uandike juu yake gramu ulizotia.